Neno la Mjumbe

Nyamburi alipohamia Nyasho mwezi wa tatu, mzee Ephraim, mjumbe wa mtaa, alimwuliza kilichomleta. Kusema amemkimbia mume aliona aibu. "Nimekuja kutibiwa," alijibu, na mzee akaandika hivyohivyo katika daftari lake la wakazi.

Mwezi wa tano mumewe, Burito, mvuvi wa Rukuba, alimfuata chumbani kwake akamwingilia kwa nguvu. Askari wa dawati la jinsia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mama, mlikuwa mmetengana? Nani anajua?" Kwa sheria yetu, mume hahesabiwi kumbaka mkewe ila wawe wametengana.

"Kigali hawaulizi hilo," alisema Hilda, jirani yake, aliyewahi kuishi huko. "Hata mkilala kitanda kimoja, hapana ni hapana. Hapa mpaka uhame ndipo mwili uwe wako."

Tangu siku ile Nyamburi aliogopa hata wema. Burito alipotuma sato wawili wanono, hakuwagusa, aliwarudisha. Samaki akishaliwa, watu watasema ndoa ipo. Hilda alipouliza kwa nini amewarudisha, Nyamburi alimtazama kwa muda mrefu, akijiuliza nani amemtuma.

Akaenda kwa mjumbe.

"Burito hunipigiaga simu," alisema mzee, akitafuta kalamu polepole mno. "Anakusalimia."

"Andika tumetengana."

Mzee akaandika. Nyamburi akaligeuza daftari upande wake, akasoma: *Anapumzika kwa muda.*

"Wewe mama una shaka sana!"

"Nilikuwaga na imani, mzee. Imani ndiyo imenifikisha hapa."

Mzee akafuta, akaandika *Wametengana*, na chini yake tarehe ya siku ile. Kwa tarehe hiyo, mwezi wa tano alikuwa bado mke tu.

"Tarehe siyo."

"Mwezi wa tatu uliniambia unaumwa, mwanangu. Nidanganye?"

"Usidanganye. Andika ulichokiona. Ulinisaidia kushusha godoro, kabati na cherehani. Mgonjwa gani anakwenda kutibiwa na kabati?"

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa, akaifuta tarehe, akaandika: *Alihamia mwezi wa tatu na vyombo vyake vyote. Hakurudi kwa mume.* Akatia sahihi.

Nyamburi alisoma neno kwa neno. Akatoa simu, akaupiga picha ukurasa ule mara mbili, mzee akimtazama.