Mistari Iliyorukwa

Kazini walimwita Masikio, naye hakuchukia. Ofisi ilirekodi vikao vyake vyote, na kila kikao kilipokwisha yeye ndiye aliyeletewa zile sauti azigeuze maandishi. Akishavaa hedifoni na kuweka mguu kwenye kikanyagio cha kinasa sauti, vidole vilikimbia juu ya kibodi mpaka mabishano ya wakubwa yakalala kwenye kurasa, kila mtu na neno lake. Hakuwa ameona kitu tangu surua impitie utotoni. Wenzake walipenda kusema kwamba Masikio husikia hata pumzi ya mtu aliyetaka kusema akaghairi.

Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa mpaka rangi wa majengo, na mkewe alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani. Masikio alikuwa na chumba cha nyuma, chenye kitanda, meza na kompyuta. Kando ya kompyuta kilikaa kisanduku kizito kama tofali, kilichofungwa kwa kebo nene yenye skrubu mbili. Hicho ndicho kilichokuwa kinywa cha mashine. Kila kilichoandikwa kwenye skrini kisanduku kilikisoma kwa sauti kavu, ya mtu mwenye mafua asiye na haraka ya kupona.

Zilikuwepo sauti tamu kuliko ile, lakini huja mwisho, mashine ikishaamka yote na kujipanga. Kisanduku kilizungumza tangu mwanzo, kwa sababu programu yake ilikaa ndani ya kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamka kwanza kabisa kisha ikaviamsha vifaa vingine vyote. Diski ikilalamika, Masikio alisikia. Kadi ya mtandao ikikataa kuamka, alisikia, akatengeneza mwenyewe, bila kumwita mtu. Katika nyumba ambayo hata tarehe iliyo kwenye kopo la dawa alipaswa kusomewa, ile ilikuwa meza pekee ambapo hakuomba macho ya mtu.

Mfumo aliotumia ni wa bure, wa ile inayotengenezwa na watu waliotawanyika kila pembe wasiojuana kwa sura. Yeye alichukua toleo lake la majaribio, lile ambalo bado liko jikoni, kwa sababu bodi ya kompyuta yake ilikuwa mpya na matoleo yaliyokwisha kutulia hayakuitambua. Mara nyingi kitu kiliharibika baada ya kusasisha. Alikitafuta kilipovunjikia, akawaandikia watengenezaji, nao wakamjibu kama fundi anavyomjibu fundi. Huko hakuna aliyemshika mkono kumvusha barabara bila kuombwa. Masikio alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Asubuhi moja, baada ya kusasisha, aliwasha mashine, na kisanduku kikanyamaza.

Alikaza skrubu za kebo, akapapasa swichi, akasikiliza. Diski ilizunguka na feni ikapuliza kama kawaida. Mashine ilikuwa macho, ila haikusema neno. Kisanduku nacho hakikuwa na mazoea ya kusalimia, kilingoja kupewa maneno, kwa hiyo kukiwasha na kukizima hakukumwambia lolote. Spika za mashine zilikuwa zimekufa siku nyingi, naye hakuwahi kuzihitaji. Akamwita mdogo wake, aliyekuwa akifunga brashi zake aende kazini.

"Hebu nisomee hapo kwenye skrini."

"Maandishi mengi, kaka."

"Hayo hayo. Soma polepole. Natafuta jina la kisanduku, au neno lolote la kushindwa."

Simu ya mdogo mtu ikaita mfukoni, ikakatwa. Kisha Masikio akasikia kidole kikigonga kibodi, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayegawa karata.

"Hamna. Kote sawa."

"Una hakika?"

"Si nimekwambia kote sawa?"

Bado kulikuwa na kipimo kimoja. Mfumo huhifadhi kiini cha zamani, na mashine inapowashwa mtu anaweza kukichagua badala ya kipya, kwenye orodha inayokaa kitambo kidogo tu kabla ya kutoweka. Kiini cha zamani kikitoa sauti, kosa ni la kipya. Nacho kikinyamaza, basi kisanduku ndicho kilichokufa. Masikio alimweleza mdogo wake, akaizima mashine, akaiwasha. Simu ikaita tena.

"Tayari," alisema mdogo mtu. "Nimechagua ile ya zamani."

Masikio akaweka kiganja juu ya kisanduku, akangoja. Hakuna kitu.

"Basi nenda, utachelewa," alisema. "Kimekwisha hiki."

Visanduku vile havikutengenezwa tena, kiwanda chake kilikuwa kimefungwa miaka mingi nyuma. Hata hivyo Masikio hakuwa mtu wa kuzika kabla ya kupima. Alibadilisha kebo, bure. Akaingiwa na shaka kwamba adapta ya umeme imechoka, akachimbua nyingine kutoka kwenye redio mbovu ya marehemu baba yao. Jioni akamwomba mdogo wake alinganishe namba zilizoandikwa juu ya adapta hizo mbili. Safari hii mdogo mtu alizisoma kweli, na kweli zililingana. Lakini chini ya namba palikuwa na mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya ya umeme inakaa ndani au nje ya kichomeo, na mmoja ulikuwa kinyume cha mwenzake. Masikio alijua kwamba mchoro huo huwapo. Hakuuliza. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, na baadaye alilibeba bila kumsingizia mtu.

Alichomeka. Kisanduku kikatoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kikivunjwa, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Alipokigusa kilikuwa cha moto upande mmoja. Akachomoa waya, akakaa kitandani. Alijiambia kwamba maiti haiuawi mara mbili.

Karani mkuu wa ofisi alimpa pole kwenye simu. Akamwambia kwamba vikao havingoji, wangempa mpiga chapa mwingine kazi hiyo kwa muda. Lakini akamtumia kifaa kidogo cha sauti cha kuchomeka pembeni mwa mashine, kilichokuwa kikizagaa ofisini. Kifaa hicho kingeweza kuipa kompyuta ile sauti nyingine, ile inayokuja mwisho. Tatizo ni kwamba ili kukipanga alihitaji tena mtu wa kumsomea skrini, na mdogo wake alikuwa amepata jengo la mbali, akirudi amechoka na mkali. Masikio akaenda barazani kwa shemeji yake.

Cherehani ikasimama. "Shemeji, mimi lugha hiyo ya kwenye kompyuta siijui. Na shule yangu yenyewe iliishia njiani."

"Hutakiwi kuijua. Unitajie herufi tu, nami nitaziunga."

Shemeji akaja na kigoda na rula yake ya kukatia vitambaa. Aliiweka rula chini ya mstari wa kwanza wa skrini na kuanza kutaja herufi, moja moja. Mstari ukiisha alishusha rula, akaanza wa pili. Masikio alimwambia aruke ile inayoanza kwa maneno fulani.

"Nikiruka nitapotea," alisema shemeji. "Niache nishone moja kwa moja."

Kwa hiyo alisoma yote. Jua lilihama kutoka dirishani, mteja akaja kuulizia gauni lake akaambiwa arudi kesho. Herufi ziliendelea kuja, kavu, bila maana kwa anayezisoma. Ndipo zikaja zile za jina la kisanduku. Masikio akainua kichwa. Zikafuata za neno lenye maana ya mlango, kisha za neno lenye maana kwamba umeshikwa.

"Rudia huo."

Akarudia. Neno lilikuwa lile lile.

Ugonjwa ulikuwa mdogo, wa aina ambayo Masikio alikuwa ameshaitibu zaidi ya mara moja. Kiini kipya kilikuwa kimeamsha mlango wa ile kebo nene mapema mno, kikaukabidhi kwa sehemu nyingine ya mfumo. Programu ya kisanduku ilipofika ilikuta mlango una mwenyewe, ikaandika hivyo wazi wazi, ikajiondokea. Hapakuwa na kifaa kibovu. Mstari mmoja wa amri wakati wa kuwasha ungetosha kuufungua.

"Lakini cha zamani nacho kilinyamaza," alisema, nusu akijiambia mwenyewe. "Shemeji, naizima niiwashe. Ikianza tu, niambie orodha ina mistari mingapi."

Mashine ikawaka. "Limekuja jina kubwa la waliotengeneza kompyuta," alisema shemeji. "Limeondoka. Sasa ni maandishi kama yale."

"Na orodha?"

"Hakuna orodha, shemeji."

Wakarudia, na tena haikutokea. Masikio akakumbuka tangazo la watengenezaji alilolisikiliza juu juu, kwamba katika toleo jipya orodha hufichwa mpaka mtu ashikilie kitufe tangu mwanzo. Hakuwa amemwambia mdogo wake jambo hilo, kwa sababu alikuwa amelisahau. Kwa hiyo siku ile hapakuwa na kitu cha kuchagua.

Shemeji naye alikuwa amekwisha kuyaunga mambo. "Alikwambia amechagua?" aliuliza.

"Alisema."

Shemeji akachukua rula yake na kigoda, akatoka. Cherehani haikulia tena siku ile.

Mdogo mtu aliporudi, Masikio alimkuta uani akiosha brashi kwa mafuta ya taa.

"Siku ile ulisoma mistari yote?"

"Nilisoma."

"Na orodha ya mwanzoni, uliiona?"

Brashi ikaacha kugonga ndoo. "Haikutokea. Nikajua ni yale yale tu."

"Ukaniambia umechagua."

"Msimamizi alikuwa ananipigia, kaka. Na wewe ukianza huishi. Tangu nijue kusoma, mimi ndiye macho yako. Barua mimi, dawa mimi, bei ya dukani mimi. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nakusomea magazeti yaliyofungiwa sukari. Leo nimeruka mistari, ndiyo nimeua mtu?"

"Ungesema huna nafasi."

"Ungekubali?"

Masikio alijua asingekubali. Angenuna, mdogo wake angerudi chumbani na kusoma, na wote wawili wangejifanya hakuna aliyelazimishwa.

"Kisanduku kilikuwa kizima," alisema hatimaye.

"Si ulikiunguza wewe?"

"Mimi."

Mama yao alikuwa akisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, naye kila alipousema msemo huo aliwatazama wote wawili, mtegemewa na mtegemeaji.

Kwa kutumia kile kifaa cha ofisi, Masikio aliipata ile sauti nyingine. Ilikuwa laini, ya mwanamke asiye na shida duniani. Kwa sauti hiyo aliwaandikia watengenezaji, akaeleza ni sehemu gani inayoshika mlango na kwa nini. Mtengenezaji mmoja alijibu upesi. Alisema maelezo yale ni safi, na kwamba alikuwa hajui kama bado kuna watu wanaotumia visanduku vile. Akatuma marekebisho, na chini yake ombi: tafadhali yajaribu kwenye kisanduku chako, uthibitishe kama kinasema.

Masikio alikaa na ombi hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akaandika kwamba hana kisanduku tena.

Mtu mwingine wa mbali, asiyemjua, ndiye aliyethibitisha. Kwake kilisema tangu mwanzo hadi mwisho. Marekebisho yakaingizwa, na chini yake likaandikwa jina la Masikio, kwamba yeye ndiye aliyeligundua kosa. Alilisikiliza jina lake likitamkwa na yule mwanamke laini, akasogea mstari uliofuata.

Ofisi ilimrudishia vikao, ila si vyote, maana yule wa muda alikuwa ameshazoeleka. Nyumbani salamu zilibaki, lakini zilikuwa za mlangoni. Mdogo mtu alijaribu siku moja. Mashine ilikuwa imekwama katikati ya kuamka, pale ambapo sauti mpya bado haijafika, naye akasimama kizingitini.

"Kaka, nikusomee?"

"Shemeji atasoma."

Mdogo wake akaondoka. Kabla ya mvua kuanza, yeye na mkewe walipanga nyumba upande mwingine wa mji, karibu na majengo mapya, na walipotoa sababu walitoa ile ya nauli. Shemeji aliacha kigoda chumbani kwa Masikio. Alikuja mara moja moja, akifika huuliza kama kuna cha kusoma, naye Masikio humwambia hakuna, hata kama kipo.

Toleo lililotulia lilipoanza hatimaye kuitambua bodi yake, alilichukua, akaacha majaribio. Hakusasisha tena bila kulazimika, na haja ya kutafuta kitu kilipovunjikia ikapungua. Yule mtengenezaji alimwandikia tena baadaye: kuna mabadiliko makubwa yanakuja kwenye sehemu ile ya sauti, tunatafuta watu wenye masikio yaliyozoea, je, utakuwa tayari?

Alilisikiliza ombi mpaka mwisho. Akalifuta, akavaa hedifoni, akaweka mguu kwenye kikanyagio.