Kwa Nini Ulitoka Kwenu

Mkuu wetu alitaka maswali ya kuchagua jibu: a, b au c. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Darasa letu la mtandaoni lilikuwa la Kiingereza, kwa wageni wanaojua Kiswahili, na mtu aliyetoka zamu amechoka hajifunzi kuongea kwa kubonyeza herufi. Mwishowe nikaruhusiwa zoezi moja la majaribio. Nikaandika: "Eleza kwa nini ulitoka kwenu." Kila mmoja aandike, wenzake wamuulize na kumrekebisha, mimi nikae kimya. Nilijiona fundi kweli.

Waliandika wote isipokuwa mama mmoja wa mtaa wa Rexdale, mzaliwa wa Bukavu, hodari kuliko wenzake. Alihitaji cheti chetu ili aache kiwanda cha kuku akasomee kazi ya kutunza wazee. Tulipokutana kwenye video, alikuwa bado na sare ya kiwandani.

"Mama, tunakusubiri wewe," nikasema. "Hakuna jibu baya."

"Ni vile watu wa uhamiaji waliniambiaka siku ya kunihoji," akajibu. "Kisha wakaniuliza tena, na tena, waone kama ninaongopa. Mwalimu, mimi naacha hii masomo."

Nilipandwa na hasira, kumbe ni woga. Mkono wake ulishaenda kwenye kitufe cha kutoka.

"Lakini mwalimu," akadakia dada mmoja Mkenya, "wewe mwenyewe hujaandika. Ulitoka kwenu kwa nini?"

"Masomo," nikajibu haraka.

Mama wa Rexdale akarudisha mkono. "Yaliisha?"

"Zamani."

"Na haukurudi?"

Nilitamani kusema muda umekwisha. Nyuso zote zilikuwa zimenikodolea macho, hakuna aliyenionea huruma. Nikawaambia, kwa Kiingereza kama zoezi lilivyotaka, kwamba sikurudi hata kumzika mama yangu. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na ningevuka mpaka, nisingeruhusiwa kuingia tena. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipofika kwenye habari ya kaburi lake, Kiingereza kikanitoroka kabisa, na yule Mkenya akanitajia neno polepole, nikalirudia kama mtoto wa chekechea.

Niliona aibu, nikaona pia kwamba hakuna aliyeondoka.

"Pole, mwalimu," mama wa Rexdale akasema, akivua kofia yake ya kazi. "Sasa muniulize na miye."