Kibuyu Yenye Ilipita Mulango ya Nyuma

Hapana, yaya, dada yangu mukubwa, mapendo yangu haikutoka mu roman-photo. Ulinitupia ile neno leo midi, saa sita, tukiwa tunachambua mboga ya lenga-lenga, na nilinyamaza juu maman alikuwa pale. Sasa ulisharudia kwako kwa bwana yako, niko peke yangu mu chambre yangu ya kulala, naweza kukujibu.

Mu roman-photo, bile bitabu bya mapendo bya picha zenye tulikuwa tunapitishana chini ya banc ya masomo kwa masista, binti wa chateau, nyumba ya batajiri, anapenda kijana mwenye kuchunga farasi, na ku page ya mwisho banavumbua kama yule kijana ni mutoto wa comte, mukubwa wa inchi, alipotea akiwa mudogo. Kila mara vile. Hakuna hata moja yenye muchungaji wa farasi anabakia muchungaji wa farasi. Nilizisoma zote na nilichoka nazo. Mwenye napenda mimi hatageuka mutoto wa comte. Baba yake analima maharagi kule ku kijiji ya Miti. Tonton yake, ndugu ya baba yake, ni mupishi kwa voisin wetu, jirani wa hapa kando, anaikala mu boyerie yao, nyumba ya bafanyakazi ku nyuma. Yeye mwenyewe anajifunza kazi ya mbao mu atelier moja ya Bagira. Ku page ya mwisho atakuwa vile vile, na vumbi ya mbao ku nyusi.

Tena ulisema: "Sisi hatuko batu ba kuolewa mu boyerie." Sisi banani, yaya? Uliolewa mbele tuhamie huku, pengine ulisahau nyumba yetu ya Bagira, vyumba mbili, na robinet moja ya maji ya avenue muzima. Papa alikuwa chauffeur, dereva wa camion, kwa muzungu mwenye magasin, duka kubwa. Kisha serikali ikasema bintu bya bageni bikuwe bya bananchi, muzungu akaenda, na papa akapewa magasin, akapewa nyumba ya ule muzungu, ya huku chini karibu na ziwa, akapewa hata mbwa. Mpaka leo ule mbwa anasikia paka Kifaransa, luga ingine hapana. Tulihamisha bitanda byetu juu ya ile ile camion, na maman alilia juu ya kuacha shamba yake ya viazi. Utajiri yetu haiyaota hata meno.

Sasa nisikilize ginsi ilianza, juu wewe unaulizaka paka "mutoto wa nani", hauulizi kitu ingine.

Unajua salongo. Kila siku ya posho, Jumamosi, asubui, kila nyumba inatosha inje mutu mwenye jembe, tunafagia avenue, tunazibua mifereji. Ni sheria ya batu bote. Lakini ku avenue yetu ba-patron banatumaka mupishi, ao zamu, mulinzi wa nyumba, na bo banabakia ku barza na kahawa. Ile siku muzee mupishi wetu alikuwa na homa. Papa akasema basi, leo nyumba yetu itakosa mutu. Nikasema nitaenda mimi. Maman alicheka. Nilivaa kikwembe yake ya zamani, ile yenye iliungua na pasi, nikafunga kichwa, nikabeba jembe.

Mu mufereji kijana mumoja alikuwa anachimba mbele yangu. Aliniangalia, akaangalia nyumba kwenye nilitokea.

"Weko mupya?" akauliza. "Ule muzee banamufukuza?"

"Eko na homa."

"Njo maana banakutuma wewe. Banakulisha muzuri kule?"

"Banajaribu."

"Chunga, dada. Tonton anasema patron yako eko na roho muzuri, lakini binti yake anajisikia. Anapitaka na bitabu byake sawa mutu mwenye kubeba mayai."

Nilimuuliza kama alimuona ule binti na macho yake. Akasema hapana, tonton njo alimuona, juu ya ua ya miti kati ya nyumba mbili, ile luku­wa. Nikasema pengine mayai yenyewe ilikuwa mingi. Alicheka kidogo, kisha akaangalia mikono yangu.

"Na wewe unashika jembe sawa unashika mushumaa ya komunyo."

Alikamata mikono yangu yote mbili, akaishusha chini ku muti ya jembe, moja karibu na chuma, moja juu, kisha akaachilia mbio sawa mutu mwenye aligusa sufuria ya moto. Tukachimba. Nilikuwa na malengelenge ku vidole, sikusikia maumivu mpaka mangaribi.

Kama isikuwe maman, pengine ningebakia mufanyakazi wa nyumba yetu kwa mwezi muzima. Lakini alitokea ku barza na kuita kwa sauti ya Bagira, yenye haijabadirika bado: "Binti yangu, kuya ukunywe chai, yai yako inapoa."

Batu bote ba mufereji baligeuka. Kijana aliangalia kikwembe yenye kuungua, akaangalia barza, akaniangalia mimi.

"Basi ni wewe mwenye mayai," akasema pole pole.

"Leo nilibeba udongo," nikamujibu.

Muzee mupishi alipona, lakini sikumurudishia jembe. Njo ile, yaya, kama unatafuta kosa yangu, itafute pale. Kila siku ya posho nilienda mu mufereji, na siku zingine ilionekana kama mufereji ya mbele ya nyumba yetu inajazaka taka kupita zote. Hatukusema maneno ya kitabu. Alinielezea ginsi mbao ya libuyu inanuka wakati unaipasua, nikamuelezea algèbre, akasema algèbre ni kama kupima mulango yenye haujaona. Alikuwa anakuyaka pia ku magasin kutafuta misumari, hata wakati ku étagère, mbao za kupangia bintu, ilibakia paka viberiti na chaki, na papa alikuwa anasema: "Ule kijana eko na roho ya kungoja."

Na portail yetu, ule mulango mukubwa wa lupango. Unakumbuka ginsi ilikuwa inakwaruza chini, mpaka papa anaisukuma na bega na abacost, ile suti yake ya heshima, inachafuka? Siku moja kisha ya salongo ule kijana aliiinua peke yake, akaitosha, akakata kidogo chini, akairudisha. Hakuna mutu alimutuma. Sasa inafunguka na kidole moja. Wewe leo uliingia na ile kidole moja, yaya, ukija kuniambia kama eko mutu bure.

Njo kijana akaniambia: "Siwezi kuendelea kukuona paka mu mufereji. Tonton atakuya kwenu."

"Akuye kesho," nikasema.

"Kasiksi ya ndizi haiivi juu weko na haraka."

Nilingoja. Unanijua, nilingoja mubaya. Nilimuambia maman kama siku ya ine, Alhamisi, tutapata bageni, heshima yao inaomba papa akuwe nyumbani. Sikumutajia ni banani. Niliona kama nikisema "mupishi wa voisin", bataanza kukataa mbele kibuyu ifike, na nilitaka pombe ijisemee yenyewe. Juu kwetu ni vile, na mu Bagira ilikuwa vile, na hata huku chini itakuwa vile: kasiksi inawekwa katikati ya salon na mirija yake, musemaji anasema, kisha banaita binti na kumuuliza kama batu banywe. Mbele binti aseme, hakuna mutu anagusa murija. Akisema banywe, banakunywa. Akikataa, kibuyu inarudia na pombe yake. Na kama pombe ilishakunywewa, batu banarudisha kibuyu na kitu ndani. Kuirudisha mutupu ni kusema musirudie tena.

Siku ya ine, ile jana, papa alivaa abacost ya kahawia. Maman alitandika nappe ku meza. Tukaikala watatu mu salon, macho ku mulango ya mbele, sawa batu bangojea photo.

Lakini tonton, yaya, ni mupishi. Tangu akiwa kijana hajapita mulango ya mbele ya nyumba ya patron hata mara moja. Alivaa koti yake ya misa, akabeba kibuyu ku bega, na miguu yake ikamupeleka kwenye inajua. Alipita mu tundu ya luku­wa, kwenye bapishi banapitaka kuombana chumvi, akafika ku mulango ya kuisine, jikoni yetu ku nyuma, akaikala ku banc, akangoja baje bamuite.

Maman alienda nyuma kuangalia kama maji ya chai inachemka. Akamuona, mupishi wa voisin, na kibuyu. Akafurahi. Akamuambia: "Asante sana muzee, mukunywe na benzako ba huku nyuma. Sisi tuko tunangoja bageni."

Na yeye akajibu: "Ndiyo, maman." Miaka yote ya kazi anajibuka vile, na hata ile siku kinywa ilijibu peke yake. Akaacha kibuyu chini, akapita mu luku­wa, akaenda.

Sisi tukangoja mpaka chai ikapoa. Papa akasema bageni bako hawana adabu. Nilisikia muzee mupishi wetu na zamu banacheka nyuma, nikaenda, nikakuta kibuyu na mirija mbili. Muzee akanisogezea murija na furaha yote: "Onja mwanangu, voisin anatukumbuka." Nilijua mara moja ni ile kibuyu yenye nilikuwa nangoja.

Ile ile jana, mangaribi, kijana alikuya ku luku­wa. Hakuingia.

"Tonton anasema jibu alipata," akasema. "Pombe yetu ilipewa bazamu."

"Maman hakujua. Alimuona na akafikiri ni mambo ya kuisine."

"Najua. Nilimuelezea. Lakini alikuwa na koti ya misa, unaona? Anasema mutu mwenye kuona koti ya misa na haulizi kitu, hataki kujua. Anasema hatarudia." Akatosha jani moja ku luku­wa, akalikunja. "Anataka nirudie Miti. Kuko binti mumoja kule, bazazi bake na betu banajuana."

"Na wewe?"

"Mimi bila tonton siko na musemaji. Nikikuya peke yangu, mimi ni mwizi."

Njo leo niliwaambia bote, na njo maana maman alikutumia mutu uje. Ulinigombeza, ulikula, ulienda. Kile kilifanyika kisha, haukukiona.

Maman alikuwa anaosha sahani, nikamuelezea tena ya kibuyu, na akaacha. "Ule muzee wa koti?" akasema. "Na mi nilimuambia benzako ba nyuma." Akaikala chini na mikono yenye maji, akaiangalia tu.

Papa aliinuka. Nilifikiri anaenda ku magasin. Alienda kuisine. Tangu tuhamie humu sijamuona kule. Kibuyu ilikuwa kando ya mufuko ya makala, na kidogo ilibakia chini. Akainama na abacost yake, akafyonza murija, tukasikia ile sauti ya pombe yenye inaisha. Akangoja ishuke ku koo.

"Iko ya Miti," akasema. "Ya kule inaachaka ukali kidogo ku ulimi."

Kisha akaangalia ile banc ku mulango, akaigusa na kiatu.

"Kila mangaribi nilikuwa naleta hapa funguo ya camion. Naikala pale. Muzungu anaweza kumaliza kula kwanza, anaweza kusahau. Siku moja mvua ilininyeshea mpaka boy akanihurumia, akaniletea mufuko nijifunike." Akatosha kitambaa, akapangusa midomo. "Mupishi wa voisin, ule mwenye kuchechemea kidogo. Njo yeye alikuwa boy wa hapa ile wakati."

Nikauliza tu: "Papa, sasa?"

"Sikusema ndiyo. Nilisema pombe iko muzuri."

Akatoka. Ku mulango akageuka kwa maman: "Na ile kibuyu, mu familia yetu hatujarudishiaka mutu kibuyu mutupu."

Nilimuuliza maman ile inamaanisha nini. Aliniletea majivu na maji ya moto nioshe kibuyu ndani.

Kwa hiyo yaya, sijui kama papa atakubali. Anaweza kukataa. Kuko batu bataenda kumuambia mu Cercle, kwenye ba-patron banakutanaka kunywa, kama anaoza binti mwenye diplome kwa fundi wa mbao, na anaogopa batu kuliko vile anasemaka. Lakini akikataa, akatae mu salon, na kinywa yake, mbele ya tonton mwenye kuikala ku fauteuil, kiti ya bageni. Hiyo tu njo naomba. Si bazamu bajibu kwa nafasi yetu, si luku­wa.

Kibuyu iko inakauka ku dirisha yangu. Kesho ni siku ya posho. Asubui, wakati batu ba maziwa banateremuka kutoka Kabare, nitasimamisha wa kwanza na kuijaza maziwa mpaka ku shingo. Sitapita mu luku­wa. Nitafungua portail, nitapita katikati ya avenue wakati salongo yote iko na majembe mukononi, na yeye pia atakuwa pale, na baniangalie. Nitaingia mu boyerie ya voisin, nitapiga magoti, nitamupa tonton kibuyu na mikono mbili. Nitamuambia kama maman alikosea mulango, hakukataa mutu. Nitamuomba arudie, siku yenye atapenda mwenyewe, na koti ile ile, lakini apite mbele. Portail haisumbui tena, mutoto wake njo aliitengeneza. Nitakuwa nimesimama pale kuifungua, na wakati bataniuliza kama banywe, sitangoja bamalize kuuliza.