Sayari Iliyofungia Mandazi

Siku ya kwanza kazini niliripoti nikiwa darasa la sita, huko Timau, kwenye baridi ambayo ukipumua, pumzi inasimama mbele yako kama askari anayetaka kukuuliza maswali. Nyinyi wadogo mnaodhani hadithi nzuri hujileta zenyewe, ketini. Mimi ni mzee. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Nimewinda hadithi za ajabu, yaani zile za majoka, uchawi, vyombo vya anga na roboti zenye kinyongo, katika vituo vitatu chini ya wakubwa watatu. Mgongo unaniuma. Mama anasema ni kwa sababu nasoma nikiwa nimejikunja kama shuka ndani ya sanduku la bweni, lakini mama hajawahi kuelewa ajali za kazini.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mlinzi wa Kabati. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Alikuwa msichana wa darasa la nane aliyevaa ufunguo wa kabati la vitabu shingoni, na walimu walimwomba ruhusa kama sisi tu. Nilinyoosha mkono kuchukua kitabu chenye joka kwenye jalada, akanichapa vidole.

"Wewe, unachagua kwa sura? Unataka kukioa?"

Ndipo akanifundisha kuonja. Kuonja ni hivi: unafungua kitabu katikati na kusoma ukurasa mmoja ukiwa umesimama. Kengele ikilia ukaisikia, rudisha kitabu. Usipoisikia, ni chako. Alisema mwanzo wa kitabu ni sebule, kila mwandishi anaupanga kwa ajili ya wageni. Katikati ni jikoni, na jikoni hakuna wa kukudanganya. Asubuhi hiyo nilionja hadithi ya mvulana aliyefuga wingu kama watu wanavyofuga mbuzi, akilifunga kamba na kulipeleka malishoni. Sikusikia kengele. Mwalimu wa zamu aliisikia, na akanisaidia kuisikia kwa mwezi mzima.

Kituo cha pili kilikuwa shule ya bweni karibu na Manyatta, Embu. Huko mkubwa wangu alikuwa Mwalimu wa Maktaba, mama wa Kiembu asiyecheka bila sababu ya maandishi. Siku niliyomwuliza kama ana hadithi za anga za juu, alinitazama viatu, akapanda mpaka nywele.

"Ziko kwa rafu ya Kilimo," akasema.

"Kwa nini Kilimo, mwalimu?"

"Kwa sababu hapo hakuna mtu anaenda. Nikiziweka mbele, mtazimaliza kwa wiki moja na mnichanie majalada. Mtu mwenye njaa atapekua."

Kwa hivyo nilijifunza kupekua. Nyuma ya kitabu cha magonjwa ya kuku nilipata falme tatu zilizo chini ya bahari. Nyuma ya mbolea nilipata mji unaotembea. Pia tulikuwa na mnyororo: kitabu kimoja, wasomaji wengi, kila mmoja akimpumulia mwenzake shingoni, "Fungua ukurasa basi, ama unausoma na ulimi?" Nyakati nzuri kweli. Lakini kituo kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mwisho, Laare, na nilikipata bila kuomba.

Likizo iliyopita, kabla ya kidato cha nne, mama alinipeleka kwa shangazi, mwenye shamba la miraa, vile vijiti vya kutafuna, huko Nyambene. "Laare hakuna maktaba," alisema, akifurahi kabisa. "Utapumzisha macho. Shule ikifunguliwa, ni vitabu vya mtihani peke yake. Hadithi zimeisha." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kustaafu, ikasomwa kwa mdomo mbele ya ndugu zangu wakicheka.

Kazi yangu Laare ilikuwa kubeba majani ya migomba kutoka kwa shangazi mpaka banda la kufungia miraa. Miraa ikikauka haina mnunuzi, kwa hivyo wafungaji huifunga mabunda kwa majani hayo ili ibaki mbichi, kisha pikapu huondoka nayo kama inafukuzwa. Bandani alitawala Nyapara, mzee mwenye kofia ya sufu aliyeweza kufunga bunda huku akigombana na watu wawili. Dereva wa pikapu aliitwa Rubani. Hakuna aliyewahi kumwona akizima injini gari likiwa na mzigo. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya mabati ya Mama Karimi, aliyelisha banda zima chai na mandazi.

Siku ya tatu nilinunua mandazi, nikayala, nikabaki na karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kitabu. Mafuta yalikuwa yameigeuza dirisha, maneno ya nyuma yakitokeza mbele kinyumenyume. Nikaiweka juu ya sweta yangu nyeusi, maneno yakatulia, nikaonja.

Kulikuwa na sayari ambayo mito yake hupanda juu. Kulikuwa na msichana anayeitwa Tiro, rubani wa chombo ambacho abiria wote wamelala usingizi wa miaka mingi, mama yake akiwa mmoja wao. Na nje ya mlango, mahali ambapo hakuna hewa wala mtu, sauti ilikuwa ikimwita Tiro kwa jina lake la utotoni, ambalo mama yake peke yake ndiye aliyelijua. Tiro akaweka mkono kwenye kitasa...

Ukurasa ukaisha. Boda boda ilinipigia honi nikiwa katikati ya barabara. Sikuisikia.

"Mama Karimi! Hii karatasi imetoka wapi?"

"Kwani imekukosea nini? Mandazi ni mbaya?"

"Mandazi ni tamu. Kitabu chake kiko wapi?"

Akainama chini ya kaunta na kutoa kipande cha kitabu. Hakikuwa na jalada wala jina. Kilikuja kwenye gunia la magazeti ya zamani, naye amekuwa akikichana kuanzia mbele, ukurasa kwa ukurasa, asubuhi hiyo yote. Nusu ya kwanza ilikuwa imetembea barabarani ikiwa na mandazi ndani. Nusu ya mwisho ilikuwa mkononi mwake, na foleni ya wateja ilikuwa mpaka nje.

"Usichane tena! Nakuomba, Mama Karimi!"

"Nisichane, nifungie watu na nini? Na leso yangu?"

"Na majani ya mgomba. Nitakuletea sasa hivi."

Akanitazama kama mtu anayepima ndizi. "Majani masafi. Na uyapanguse wewe."

Nikakimbia, wenzangu, vile sijawahi kukimbia hata kwa chakula. Niliporudi na mzigo wa majani alikuwa hajachana hata moja, Mungu ambariki. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza, nikafunga kile kipande kwa jani moja vizuri, kisilowe, nikavuka barabara na kukilaza juu ya meza ya bandani. Halafu nikazunguka kutafuta nusu ya mbele.

"Karatasi za mandazi! Tafadhali, kila mtu, karatasi zenu!"

"Kijana, umeandikwa na kanjo wa kaunti kuzoa taka?" Nyapara akauliza, lakini akatoa yake kutoka ndani ya kofia, mahali alipoihifadhi ili awashie moto. Mmoja alikuwa ameikalia. Mwingine alikuwa amezibia nayo tundu la redio. Niliokota kurasa chini ya meza, kwenye matairi, mfukoni mwa mtu aliyelala. Nikazipanga kwa namba. Zilikosekana chache tu! Nikageuka kuchukua nusu ya mwisho.

Meza ilikuwa tupu. Pikapu ilikuwa imeshaondoka, moshi wake haujatawanyika.

"Bunda langu liko wapi?"

"Bunda gani? Yote yameenda," akasema Nyapara.

"Ile ilikuwa kitabu!"

"Ilikuwa imefungwa na jani la mgomba na imelala kwa meza ya miraa. Ulitaka tuibatize kwanza?"

Alikuwa na haki. Hapo Laare, kitu kikivaa jani la mgomba na kulala juu ya meza hiyo, kinapanda gari. Hata mtoto mchanga angejikuta Nairobi. Nyapara alimpigia Rubani simu. Rubani hapokei simu akiendesha, na yeye huwa anaendesha tu. Nikajaribu mtandao kwa simu ya shangazi. Kitabu hakina jina, utakitafutaje? Niliandika "msichana, mlango, chombo, jina la utotoni", nikaletewa mafundi wa milango ya chuma mjini Meru.

Jioni wafungaji wakanizunguka. "Hebu tusomee hizo tulizochangia," wakasema, wakiwa bado wananicheka. Nikasoma. Mito ilipopanda, mmoja alisema hiyo ingesaidia sana watu wa kule chini kwenye ukame. Tiro alipobaki macho peke yake kati ya waliolala, wakanisogelea. Nikafika kwenye sauti, kwenye kitasa, nikanyamaza.

"Endelea."

"Imeisha. Iliyobaki iko kwa pikapu."

Weh! Banda lilitoa sauti nisiyoweza kuiandika. Nyapara akavua kofia na kuipiga chini. "Ni nani alipakia kitabu cha huyu kijana?" akanguruma. Alikuwa yeye.

Kesho yake Rubani alirudi mapema kuliko kawaida, na kawaida yake tayari inatisha. Aliruka chini akiwa ameshika bunda chafu, limefunguliwa. "Mteja wangu amenirushia hii! Ananiuliza kama anatafuna karatasi! Nilikuwa nitupe, nikasema wacha nione moja, nikingoja kulipwa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimesoma yote. Sikilizeni, yule Tiro ali..."

"Nyamaza!" Tulipiga kelele wote. Nilijiziba masikio. Mama Karimi, ng'ambo ya barabara, alipiga sufuria kwa mwiko.

Nyapara akasimama mbele yake. "Rubani, ukitoa neno moja, leo hupakii hata kijiti."

"Sawa, sawa! Lakini na mimi nina shida, mzee. Mimi nimeanza mtu akiwa ameshika kitasa. Simjui ni nani, simjui mamake, sijui hawa watu wamelala kwa nini. Nimeendesha usiku mzima nikiwaza. Nani ako na mwanzo?"

Nikainua kurasa zangu zenye mafuta.

Akakaa juu ya kreti. Wafungaji wakapakia mzigo haraka, injini ikinguruma. Nikaanza ukurasa wa kwanza tuliokuwa nao. Simu yake ikalia, ikalia tena. Mwishowe akapokea. "Ndiyo, mkubwa. Miraa iko njiani." Halafu akaingiza mkono dirishani, akazima injini.

Kimya hicho Laare haikuwa imekizoea. Watu walitoka madukani kuangalia nani amekufa. Walipojua ni hadithi, wakabaki. Nilisoma nusu ya mbele, nikapokea nusu ya nyuma kutoka kwa Rubani bila kupumzika, nikapita kitasa, nikapita mlango. Mandazi yalikuwa yakiungua na mwenyewe hakugeuka. Niliposoma mstari wa mwisho, Nyapara alikuwa ameshika bunda alilosahau kulifunga. Rubani hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa akitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, akingoja wafike pale alipofika peke yake barabarani. Na walipofika, wote wakaanza kusema kwa pamoja, Kimeru, Kiswahili na kelele tupu, naye akacheka kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaruka ndani ya gari akaondoka, na nasikia siku hiyo hata yeye alivunja rekodi yake.

Sasa nimestaafu. Niko Manyatta, vitabu vya mtihani vimenizunguka, na mama amefunga vile vingine nyumbani. Nikitazama nyuma sijutii kitu. Kupata hadithi mpya ni raha, lakini raha yenyewe ni kumwona mtu mwingine akiipata, hasa mtu aliyekuwa na haraka.

Najua mnataka kuniuliza kama Tiro alifungua, na ni nani aliyekuwa nje. Ai, wadogo zangu. Hiyo ni kazi, na mimi siko kazini. Nendeni mkaipekue.