Protini Juu ya Jamvi

"Karatasi yangu itaijua malaria kabla ya daktari!" Ngwali, fundi wa maabara ndogo huko Wesha, aliwatambia watu harusini. Kazi yake ilikuwa kupaka mstari wa protini inayonasa malaria kwenye utando wa karatasi za kupimia. Maelekezo yalisema ukauke taratibu kivulini. Lakini Ngwali ni Mpemba, hajui kukausha kitu ila kukianika juani kwenye jamvi, kama karafuu. Protini ikaungua, isinase tena kitu.

Mkewe, Time, akashikwa na homa. Karatasi ikasema hana malaria.

"Ba Mgeni, nipeleke hospitali," alimwomba mumewe.

"Washindana na mtaalamu, ewe Time?"

Time alizikwa Ijumaa.

Hospitalini, kipimo cha malaria ni bure.