Nilichoma daftari la zamu za maji kabla sijafungua nakala

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo, marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua mnasahau kuamkia.

Jana nimesoma uzi wa kijana aliyefanya reset ya database ya ofisini kwao, ikafutika yote, akakimbilia backup, nakala ya akiba, akakuta faili tupu. Mmemcheka kurasa nne. Nami nilicheka, halafu nikajikumbuka. Kosa lile nimelifanya mimi, tena bila kompyuta. Naeleza lilivyokuwa, na sitajipendelea.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, huku milimani Lushoto. Nilitoka sekondari nikarudi kijijini, nikapewa ukarani. Tulikuwa wachache wenye mwandiko wa kueleweka, na mimi nililijua hilo kupita kiasi. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino.

Kazi yangu kubwa ilikuwa daftari la zamu za maji. Mfereji ni mmoja, unateremka kutoka msituni, na kila kaya ina siku yake ya kufungulia maji shambani. Ukikosa siku yako kiangazi, kabichi inakufa unaitazama.

Hiyo ndiyo ilikuwa database yetu, wakuu.

Daftari lilikuwa limechakaa na kufutwafutwa. Kikao kikaamua karani aandike orodha safi, nakala moja iende ofisini Lushoto mjini, nyingine ibaki kijijini. La zamani lichomwe, watu wasije wakagombana kwa madaftari mawili.

Nikaandika kwa kaboni. Kwa msioijua, ni karatasi nyeusi unayoiweka katikati ya karatasi mbili. Ukiandika ya juu, ya chini inajiandika yenyewe. Shuleni nilimwona mwalimu akifanya hivyo, nikajihesabu nimehitimu.

Nilipomaliza, kurasa za juu zikapelekwa Lushoto. Za chini nikazifunga kamba bila kuzitazama, nikaweka sandukuni. La zamani nikalichoma mchana kweupe mbele ya mwenyekiti, kwa mbwembwe zote.

Wiki mbili baadaye watu wawili wakaja wanagombania Jumatatu. Nikawaambia kwa sauti ya kiserikali, "Subirini niangalie kumbukumbu."

Nikafungua kamba. Karatasi nyeupe pee, mwanzo hadi mwisho.

Kaboni nilikuwa nimeigeuza, upande wa wino juu. Maandishi yote yalijichapa nyuma ya zile karatasi zilizokwenda Lushoto.

Dawa ilikuwa rahisi tu: kutembea nusu siku hadi Lushoto, niseme nimekosea, ninakili upya. Lakini karani wa pale nilisoma naye, na nilikuwa nimeshamtambia sana. Nikaona aibu.

Basi nikafanya restore ya kwangu, kuirudisha orodha kwa kuuliza. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza, "Zamu yenu ni lini?" Wakiuliza kulikoni, nasema ni uhakiki. Jumatatu asubuhi peke yake ilipata wenyewe wanne.

Tatizo ni kwamba ulikuwa wakati wa mavuno. Watu wa huku juu wengi wana shamba la pili nyikani, kule Mnazi, na mahindi yakikauka nyumba hufungwa wanashuka. Niliyemkuta nilimwandika. Nyumba iliyofungwa niliipita.

Mwisho Alhamisi ikabaki haina mtu. Nikaitazama weee. Nikajiandika mimi.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kaboni ulikuwa ujinga. Alhamisi haukuwa ujinga.

Mama Hiza, mjane mwenye watoto watatu, akarudi kutoka Mnazi. Alhamisi akaja mferejini na jembe lake, akakuta maji yanaingia kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Mbona leo umeamua kuoga na maji yangu?"

"Ni zamu yangu, mama."

"Tangu lini? Alhamisi ameniachia marehemu baba Hiza."

"Daftari halina jina lenu."

Hakujua kusoma. Alinitazama mimi, akayatazama maji, akashusha jembe.

"Kama daftari limesema hivyo, labda nimechanganya mimi. Siku hizi nasahau."

Akaondoka.

Wakuu, angenitukana ningelala usingizi. Aliamini karatasi yangu kuliko kichwa chake, na karatasi yenyewe nilikuwa nimeiandika juzi tu.

Kitalu chake cha kabichi kikawa cha njano, kisha kahawia. Nami nikakaa kimya.

Kilichonivunja ni kanisani. Mama Hiza ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kusoma kitabu hajui, lakini nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, beti kwa beti. Jumapili moja akaombwa aanze, akatikisa kichwa. "Mtafuteni mwingine. Nitawakosesha maneno."

Juma lile lile ilikuwa siku ya kusafisha mfereji, kijiji kizima na majembe. Nikapanda juu ya tuta nikasema yote, kaboni, uhakiki wa uongo, na Alhamisi.

"Kwa hiyo karani," mwenyekiti akasema, "umetutunzia hewa sandukuni?"

"Na kufuli ameweka!" mwingine akadakia. Mfereji mzima ukacheka. Mzee mmoja akaongeza, "Sekondari hiyo jamani. Kafuta watu wote, yeye akabaki."

Mama Hiza hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo sikuwa nimesahau?"

"Hukusahau, mama. Ni mimi."

"Haya." Akainama akaendelea kuzoa tope.

Kesho yake nilikwenda Lushoto. Karani mwenzangu alizigeuza zile karatasi, akaona maandishi ya kinyumenyume, akaita ofisi nzima ije itazame. Nikavumilia. Alhamisi ilikuwepo pale, kwa jina la marehemu baba Hiza, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilimrudishia Alhamisi yake, nikamwoteshea kitalu kingine, nikakipalilia mpaka kabichi zikafunga. Lakini deni halikuwa kabichi. Jumapili iliyofuata alianzisha wimbo mrefu kuliko zote, beti saba, na kila alipoanza ubeti mpya alinigeukia mimi.

Sasa vijana, backup ambayo hujawahi kuifungua ni karatasi nyeupe uliyoifunga kamba. Ifungue kabla hujagusa reset. Na restore ikirudi ina nafasi tupu, usikimbilie kuijaza, uliza kwanza nani hayupo nyumbani. Na mtu akija dirishani akasema yeye yupo, na mfumo unasema hayupo, msikilize. Mimi nilimfanya mtu mwenye akili timamu ajione amechanganyikiwa.

Haya, nichekeni, nani anaanza? Na kama nawe umewahi kujiandika Alhamisi ya mtu, iseme hapa. Mimi nimeshatangulia kuaibika, hutakuwa peke yako.