Vanishi ya Sofa kwenye Shingo ya Gitaa

Sipendi kitu kinachong'aa bila sababu, na ukitaka kujua ugonjwa huu niliupata wapi, keti nikueleze. Majuzi nilirudi kambi ya chai kule Kericho nilikozaliwa, kwa harusi ya mtoto wa jirani, nikalikuta gitaa la umeme la marehemu mama limetundikwa ukutani mwa kanisa. Limefungwa utepe na maua ya plastiki, na limepakwa vanishi kuanzia kichwani hadi kitakoni. Kijana mmoja wa kwaya akajitokeza kifua mbele.

"Hii tuliipiga vanishi ndio ikae poa, aunty. Ni ya ukumbusho."

Nikamuuliza siku hizi nani analipiga.

"Hakuna. Sauti ilikuwa inakatika katika, tukanunua kinanda."

Hicho kinanda nilikiona. Kinajipigia ngoma chenyewe huku mpigaji akitafuna chingamu. Nikalitungua gitaa, maua nikayaacha hapo hapo, nikaondoka nalo. Hakuna aliyethubutu kunizuia, maana wananijua mimi ni mtoto wa nani.

Mama alikuwa mchuma chai. Aliamka ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, akatupikia chai ya maziwa na kutupashia viazi vitamu vya jana, kisha akajitwika kikapu mgongoni. Jioni harufu ya chai iliyokuwa ikikaushwa kiwandani iliingia hadi ndani ya blanketi. Utomvu wa yale majani ulimtia vidoleni weusi ambao sabuni ya kipande ilishindwa kuutoa, na limau pia. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyopiga gitaa kanisani kila Jumapili. Alifunzwa na jirani yetu, mtu wa upande wa ziwa aliyechochea moto wa boila kiwandani, na jirani alipostaafu akamwachia gitaa lake. Miaka ilivyopita, nyuma ya shingo, pale kidole gumba kinapopanda na kushuka, mbao iligeuka nyeusi, ikawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Gitaa lenyewe halikukosa maradhi madogo madogo. Tundu la kuchomekea waya lililegea, mama akakaza nati yake kwa spana ya baiskeli. Kigingi kimoja cha kukazia uzi kilikuwa kinacheza kwa sababu tundu la skrubu lilikuwa limepanuka. Akachomeka njiti ya kiberiti, akaikata kwa meno, akarudisha skrubu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia skrubu nisizipoteze.

"Kitu kikilegea unakaza," aliniambia. "Hawa wa kanisa wakiona kitu kimelegea wanaitisha mkutano."

Bingwa wa mikutano alikuwa mwalimu wa kwaya. Mtu yule hakuweza kupiga hata debe tupu, lakini viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake. Mwanamke na gitaa la umeme ni vitu viwili ambavyo kichwa chake hakikuweza kuvibeba pamoja. Alimvumilia mama kwa kuwa mwanamume wa kumrithi hakuwepo. Ilipotangazwa kwamba askofu atakuja, akaiambia kamati kuwa mama akiaibisha kanisa siku hiyo, kuanzia hapo gitaa atapiga kijana wake. Gitaa la mama mwenyewe! Kamati nzima ikaitikia kwa vichwa kama mbuzi. Kwa hiyo Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili ya mama, apige au anyamazishwe.

Na kilichomkera mwalimu kuliko vyote ni ule weusi wa shingo. Aliuita uchafu. Wiki hiyo hiyo, mama akiwa shambani, alilitoa gitaa kanisani lilikokuwa likikaa pamoja na spika, akalipeleka sokoni Chepseon kwa fundi aliyejua kitu kimoja tu duniani, nacho ni sofa. Fundi akaipaka shingo vanishi ya sofa, tabaka juu ya tabaka, katikati ya msimu wa mvua. Ndugu yangu, kwetu mvua ni ya kila alasiri, hata shati hukauka kwa imani tu. Vanishi nene namna ile ingekauka lini?

Jumapili asubuhi mama akalishika gitaa, mkono ukagoma kwenda.

"Mwalimu, umefanyia gitaa yangu nini?"

"Tulitaka ikae smati, mama. Mgeni akuje apate kitu safi."

"Imekaa smati kama jeneza. Na inashika mkono kama jemu."

Mwalimu akampa kijana wake ajaribu. Kijana akabonyeza mara moja, akautazama mkono wake, akalirudisha upesi kama aliyeokota kaa la moto. Nami niliogopa, sikufichi. Niliona mama ananyamazishwa mbele yangu.

Mama akalipokea gitaa lake. Alitoka hadi jikoni nyuma ya kanisa, ambako akina mama walikuwa wakisonga ugali wa wageni na vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, vimepangwa ukutani. Akaokota waya wa kusugulia sufuria, akajifunga leso juu ya nguo ya Jumapili, akaketi, akalilaza gitaa mapajani. Mimi nilishika kichwa cha gitaa lisicheze. Vanishi ikatoka kama ugali ulioganda. Huko ndani tulimsikia mwalimu akiyavuta maombi yawe marefu. Mama alisugua mpaka akaufikia weusi wake, hapo akaacha.

Sitakudanganya kwamba malaika walishuka. Alipiga vizuri kama Jumapili zote, na akina mama wa jikoni wakacheza mlangoni na miiko mikononi. Askofu alipolisifu gitaa, mwalimu akainama kwa unyenyekevu, akasema, "Tuliifanyia ukarabati kidogo." Tukiwa njiani kurudi, mama alitema mate kando ya barabara akasema, "Mtu asiyefanya kazi kwa mkono, alama ya mkono anaiita uchafu."

Basi nililifikisha gitaa kwangu mjini, nikaanza kulitibu. Nati ya tundu la waya nikaikaza, sauti ikarudi. Eti lilikufa! Nikafungua kile kigingi, na ndani ya tundu nikaikuta njiti ya mama, bado na alama ya meno. Sikuitoa, nikachomeka yangu kando yake. Kisha nikachukua waya wa sufuria, nikaanza kuisugua shingo, nikiutafuta weusi. Vanishi ikaisha. Weusi haukuwepo. Wale vijana, kwa bidii yao ya kipumbavu, walikuwa wameikwangua mbao kwanza ndipo wakaipaka.

Na hakuna wa kuurudisha. Chai ya kule sasa inakatwa na mashine, inanyolewa kama kichwa kwa kinyozi, na wale wanawake wenye vikapu na vidole vyeusi wamerudishwa makwao. Nimedharau watu wengi maishani mwangu, wengi wao kwa haki. Lakini kila jioni nikimaliza kupiga, naigeuza shingo kwenye taa, naitafuta alama ya mkono wangu, huu mkono wa kubofya kompyuta. Mbao ni nyeupe. Safi kabisa. Mwalimu wa kwaya angeipenda.